Kwa Nini Mgonjwa wa Saratani wa Kisii Hupitia Kwanza kwa Mganga

Mtu wa pwani apandaye milima ya Kisii kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ule ukijani usiokwisha: migomba, chai, mahindi, kisha migomba tena, na nyumba zimebanana juu ya vilima kama kwamba ni kitongoji kimoja kisicho na mwisho. Na kweli watu ni wengi. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Kisii watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, na mwaka huo huo Mombasa yetu yote haikuzidi sana milioni moja na laki mbili. La pili ni wingi wa dawa. Katika masoko kama Daraja Mbili mjini Kisii, au Keroka ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, si mbali na wauza ndizi na wauza mitumba utakuta mizizi, magome, unga wa majani katika makopo, na chupa za maji ya rangi ya kahawia. Muuzaji huyataja maradhi moja baada ya moja: tumbo, mgongo, presha, sukari, na siku hizi saratani.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Saratani ni maradhi ambayo hospitali ina dawa zake, nyingine zenye nguvu kweli kweli. Hata hivyo madaktari wa Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi huwafikia maradhi yakiwa yamekwisha kupevuka; hutajwa kwamba ni kiasi cha watu saba katika kila kumi, au zaidi. Hapo katikati, baina ya siku uvimbe ulipoonekana na siku mgonjwa alipolala juu ya kitanda cha daktari, mgonjwa huyo alikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa kwa mganga wa miti shamba, au kwa mwombaji wa kanisani, au kwa wote wawili.

Ni rahisi kusema kwamba huo ni ujinga. Sisi hatusemi hivyo, na msomaji akivumilia kidogo ataona sababu.

WATU WENYE MADAKTARI WAO

Wagusii ni watu wenye elimu ya tiba ya tangu zamani, na tena elimu iliyogawanywa kazi kama ilivyo katika hospitali. Yupo "omoragori", ambaye ni mpiga ramli. Yeye hutafuta chanzo cha maradhi. Yupo "omonyamete", yaani mtu wa miti, ambaye huchimba mizizi na kubandua magome. Na yupo "omobari", fundi wa kisu, na huyu ndiye aliyewatia Wazungu mshangao. Omobari humpasua mtu aliyepigwa kichwani ambaye maumivu hayamwachi; huifunua ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu mpaka ameondoa palipovunjika, kisha akaifunika. Mwaka 1958 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala juu ya upasuaji huo, na katika miaka ya 1980 madaktari wapasuaji waliuandikia tena. Walikuta kwamba wengi wa waliopasuliwa walipona, ingawa wengine walifikishwa hospitali na vidonda vibaya.

Watu walioweza kufunua fuvu la mtu akaishi hawawezi kuambiwa kwa siku moja kwamba hawajui lolote juu ya dawa. Tena hospitali yenyewe haikuanzishwa kwa ajili yao. Hospitali kuu ya Kisii ilianza mwaka 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza, kwa haja ya wanajeshi. Wazee wa huko husimulia kwamba Sakagwa, yule mtabiri mashuhuri wa karne ya 19, alikwisha kubashiri kuja kwa watu weupe na kuonyesha kwa kidole mahali mji wa Kisii utakapojengwa, na hata mahali pa hospitali. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba hata hospitali ya Wazungu, katika masimulizi ya wenyeji, iliagizwa kwanza na mganga.

HESABU YA FEDHA NA YA SAFARI

Sasa tuje kwenye saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317. Kwa wanawake, saratani ya titi na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza. Kwa wanaume, ya tezi dume. Magharibi ya nchi, toka Bomet mpaka Kisii, kuna nyingine iliyozoeleka kuliko mahali pengi duniani, nayo ni saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula. Hii tutairudia.

Chukua mkulima wa chai wa Nyansiongo ambaye mkewe ameona uvimbe katika titi. Zahanati iliyo karibu haiwezi kupima saratani. Ataandikiwa barua ya kwenda Nyamira au Kisii. Huko atakatwa kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, naye angoje jibu. Jibu likija baya, huenda akahitaji kupasuliwa, kisha dawa za kutia mshipani kila baada ya wiki tatu, kisha miale. Miale hutiwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Kwa miaka mingi mashine ya miale ya serikali ilikuwa Nairobi tu, katika Hospitali ya Kenyatta, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii, na katika miaka ya 2010 foleni yake ilikuwa ya miezi mingi. Mtu aliweza kuandikiwa zamu akafa kabla zamu haijafika. Siku hizi hali ni afadhali: Mombasa, Nakuru na Garissa zimepata vituo vyake. Lakini mama wa Nyansiongo hata akienda Nakuru, atalala wapi kwa wiki sita? Nani atachuma chai? Nani atawapikia watoto?

Serikali ililipa sehemu ya gharama kwa bima ya NHIF, na tangu Oktoba 2024 kwa bima mpya ya SHA, ambayo ilianza kwa kuwawekea wagonjwa wa saratani shilingi 550,000 kwa nyumba moja kwa mwaka. Fedha hizo si haba. Ila bima hailipi nauli ya matatu, wala godoro la Nairobi, wala siku za kazi zilizopotea. Ndiyo maana katika nchi hii kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya saratani limekuwa jambo la kawaida, na Kisii kipande cha shamba ni kidogo mno. Ukikiuza, wanao hawana pa kusimama.

Mganga yuko mwendo wa miguu. Hupokea kuku, hupokea nusu leo na nusu baada ya mavuno, na wengine hawapokei chochote mpaka mgonjwa aseme ameona nafuu. Mtu asidhani lakini kwamba mganga ni rahisi siku zote. Wapo wanaotoza makumi ya maelfu, chupa baada ya chupa, na hesabu ya mwisho ikawa kubwa kuliko ya hospitali. Tofauti ni kwamba fedha hizo hutoka kidogo kidogo, na anayetoa kidogo kidogo hahisi kidonda chake mpaka mfuko umekauka.

ANAYESIKILIZA

Umaskini peke yake hauelezi yote, kwani matajiri nao huenda. Kuna jambo ambalo madaktari hawapendi kulisikia: mganga ana nafasi. Mgonjwa wa hospitali ya serikali huamka alfajiri, akapanga foleni mpaka adhuhuri, akaonana na daktari kwa dakika chache, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha haraka, akatoka na karatasi asizoweza kuzisoma. Kwa omonyamete huketi kitini. Huulizwa kwa Kigusii maradhi yalianza lini, nani yuko nyumbani, amegombana na nani, anakula nini, analala vipi. Shemeji zake na mama mkwe wako hapo hapo wakisikiliza, kwa kuwa ugonjwa mkubwa hauamuliwi na mtu mmoja. Ni shauri la mji mzima. Halafu mganga husema neno ambalo daktari mwaminifu hawezi kulisema: "Hii nitaiondoa."

Daktari husema, "Tutajaribu." Au husema, "Umechelewa." Mtu aliyeambiwa kwamba hospitali haina tena la kumfanyia, aende nyumbani, akae nyumbani afanye nini? Ataita yeyote mwenye dawa. Wengi wanaohesabiwa kuwa wamekimbilia miti shamba hawakuikimbia hospitali. Hospitali ndiyo iliyowaaga.

Na kuna hofu. Imeenea, huko na kwetu pia, imani kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa mwilini. Madaktari husema si kweli, na wana haki, lakini tazama namna imani hiyo inavyozaliwa: mtu hufika hospitali maradhi yamekwisha kutapakaa, hupasuliwa, hufa baada ya mwezi. Jirani ameona kisu, na baada ya kisu ameona jeneza. Utamwambia nini? Vivyo hivyo na dawa za mshipani: nywele hudondoka, kucha huwa nyeusi, mgonjwa hutapika, na aliyeingia akitembea hutoka akiegemezwa. Chai ya magome haimfanyi mtu hivyo.

Mwezi wa Julai 2019 hofu hiyo ilizidi Kenya nzima. Katika mwezi mmoja walifariki Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet, jirani kabisa wa Kisii. Wote saratani, na wote walikuwa wamepata matibabu ya ng'ambo. Ikawa mazungumzo ya kila mahali: kama hawa waliotibiwa Ulaya na India hawakupona, mimi wa Ogembo nitaponea wapi?

KOO LILILOFUNGWA

Tuliahidi kuirudia saratani ya umio. Mgonjwa wake huanza kwa kukwamwa na ugali, kisha uji, na mwisho hata maji hayapiti. Hukonda mbele ya macho ya watu, na njaa anayo. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imepata sifa kwa kuwatia wagonjwa hawa mpira wa kufungua njia, wakaweza tena kumeza. Lakini kwa mtu asiyejua chochote juu ya seli na uvimbe, koo linalofungwa hali mwili mwingine ni mzima linafanana na kazi ya mkono wa binadamu. Mtu "amelishwa kitu". Basi swali hubadilika. Daktari hujibu kilichomwua mtu ni nini. Jamaa wanauliza ni nani.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la hatari kupita chupa ya mizizi. Mwezi wa Mei 2008 wazee zaidi ya kumi, wengi wao wanawake, walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani kwa tuhuma za namna hiyo hiyo. Tuseme haki: omonyamete anayechemsha magome si mwenzao wa wauaji hao, na wengi wa waganga huchukia mambo hayo. Lakini mpiga ramli anayemtajia mgonjwa jina la jirani anaweza kuua watu wawili kwa maradhi ya mtu mmoja.

SISI NASI

Msomaji wa Lamu au Kibokoni asikae akicheka. Kwetu nani hajaonja habasoda kwa asali, au kuumikwa, au kunywa kombe lililoandikwa kwa zafarani, au kusomewa na mwalimu wa chuoni mgonjwa akiwa tayari ana kadi ya hospitali? Muislamu anajua mafundisho kwamba hakuna maradhi aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu bila kuyateremshia dawa. Wapo wanaoyasikia kama ruhusa ya kutafuta kila mahali, na wapo wanaoyasikia kama amri ya kwenda kwa anayeijua dawa yenyewe, na maulamaa wengi hawaoni ugomvi baina ya kusoma dua na kumeza kidonge. Kisii, ambako Wasabato na Wakatoliki ndio wengi, mambo yako vile vile kwa majina mengine: maombi, mafuta, mfungo, na kuacha nyama.

Na mwaka 2011 hatukuwa sote njiani kwenda Loliondo? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema kinaponya ukimwi, kisukari na saratani. Magari yalipangana kilomita nyingi, Wakenya kwa maelfu walivuka mpaka, na wagonjwa wengine walifia foleni. Wengine waliacha dawa zao za hospitali. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

MTI WA SHIMBA

Je, miti yenyewe ina kitu? Hapa jibu lataka uangalifu, kwa sababu wanaosema "hapana" wanakosea na wanaosema "ndiyo" wanakosea zaidi.

Chukua "omoiri", mti mkubwa wa milimani ambao wataalamu huuita Prunus africana. Magome yake hutumika tangu zamani kwa wazee wanaoshindwa kukojoa vizuri, na tangu miaka ya 1960 Wafaransa walitengeneza dawa kutokana nayo. Yalivunwa Kenya, Kamerun na Bukini kwa wingi hata mwaka 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa kwa kuogopa mti usitoweke. Lakini dawa hiyo hupunguza taabu ya tezi iliyovimba bila saratani. Mzee mwenye saratani ya tezi akiinywa anaweza kukojoa vizuri zaidi, akafurahi, na saratani ikaendelea kimya kimya. Nafuu ya namna hii ndiyo inayopoteza watu: ni nafuu ya kweli, ya maradhi mengine.

Kisha kuna kisa cha nyumbani kwetu Kwale, ambacho ni ajabu kwamba hakisimuliwi mashuleni. Wadigo wanaouzunguka msitu wa Shimba walikuwa na kichaka fulani, Maytenus buchananii, walichokitumia kwa uvimbe wa namna ya saratani. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walikuwa wametoa katika jamaa ya mmea huo, kutoka Uhabeshi, kitu chenye sumu kali kwa seli za saratani wakakiita maytansini. Walihitaji zaidi, na mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilivunwa Shimba kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Wakajaribu kwa wagonjwa. Haikufaa. Sumu iliwaumiza wagonjwa kabla haijaumaliza uvimbe, na dawa ikawekwa kando. Ilichukua miaka mingine mingi mpaka wakapata namna ya kuifunga sumu ile kwenye chembe inayoitafuta seli ya saratani peke yake, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani kwa aina moja ya saratani ya titi. Yale maua mekundu ya Bukini yaotayo ovyo katika nyua zetu nayo, tangu mwisho wa miaka ya 1950, yametoa dawa mbili za saratani, na mojawapo huwatibu watoto wenye saratani ya damu.

Basi Mdigo alikuwa na kitu mkononi. Lakini baina ya kichaka cha Shimba na chupa ya mwaka 2013 kulikuwa na miaka arobaini ya kupima ni kiasi gani, kwa nani, na kwa maradhi gani hasa. Chupa ya soko la Keroka haikupita njia hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Kenya waliorodhesha mimea 65 inayotumiwa na waganga wa Kakamega kwa saratani. Kuorodheshwa ni mwanzo wa kazi, wala si cheti.

Na hasara ya kungoja imekwisha kuhesabiwa. Wataalamu wa Yale huko Marekani walichapisha mwaka 2018 habari za wagonjwa 281 waliochagua dawa mbadala peke yake, wakiwa na saratani ambayo bado ilitibika. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wale waliofuata hospitali. Kwa saratani ya titi ilikuwa zaidi ya mara tano. Hao walikuwa Wamarekani, wengi wao wenye elimu na mali.

DAKTARI ASIYEAMBIWA

Wengi hawachagui njia moja, huzichanganya. Asubuhi kidonge, jioni chupa. Kinachowatisha madaktari ni kwamba hawaambiwi. Mgonjwa akiulizwa kwa ukali, "Umekwenda kwa mganga?" atasema hapana, na nani asingesema hapana? Wakati huo ini lake linachuja dawa mbili zisizojuana, na damu ikiharibika daktari atadhani kosa ni la dawa yake, aipunguze.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, na imetaka ziwekwe taratibu za mganga kumpeleka mgonjwa hospitali. Kisii nako, mpango wa kituo cha saratani katika hospitali kuu, kwa fedha za Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na benki ya BADEA ya nchi za Kiarabu pamoja na za serikali, umekokotwa kwa miaka mingi, na wenyeji wameusubiri kwa kila bajeti. Mashine ikikaa Kisii, mama wa Nyansiongo ataweza kutiwa miale asubuhi na kulala kwake jioni.

Ila hata hapo, mtu wa kwanza kuona titi lake huenda akawa yule mwenye makopo ya unga sokoni. Anaweza kumwuzia chupa ya kwanza, na ya pili, na ya tano, mpaka uvimbe uliokuwa kama kunde uwe kama ngumi. Au anaweza kumwambia siku ile ile: mama, hili nenda ukaonyeshe Kisii, kisha urudi unieleze walivyosema.